Sala za Kangomba

Nina ugomvi na sala za jumuiya yetu. Kila nikitaka kuusema ndani ya jumuiya naambiwa nisubiri mengineyo, na mengineyo yakifika watu wameshasimama wanakunja mikeka. Kwa hiyo nausema hapa.

Wakristo wa Likawage, huku Kilwa, si wengi. Kilwa ni nchi ya misikiti tangu enzi za masultani wa Kilwa Kisiwani, dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mlangoni kwao, na jambo hilo halimkeri mtu. Sisi wachache tunakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwenye mikeka na viti vya plastiki vya kuazima. Tunaimba, tunasoma Injili, katekista anaeleza mawili matatu, kisha yanafika maombi. Hapo ndipo ninapoanza kujikuna kichwa.

Sikiliza wewe mwenyewe. Anafungua mama mmoja: tuombe mvua, ila isizidi. Tunaitikia. Anafuata mzee wa kanisa: tuombe bei ya ufuta isishuke chini ya ile ya mwaka jana. Tunaitikia, ilhali bei hiyo ya mwaka jana tuliilaani kuanzia mnadani hadi Krismasi. Kijana wa kwaya anaombea kinanda kipone, angalau upande wa kulia. Mama mwingine anaombea dawa zifike zahanati, hata kama ni panadol tu. Katekista anafunga dua kwa niaba ya wote: tembo wasipite mashambani kwetu, na kama ni lazima wapite, basi wapite pembeni.

Hakuna anayeomba kitu kizima. Kila ombi lina “angalau” yake, lina “hata kama” yake. Tunamwachia Mungu mlango wa nyuma ili akishindwa atoke kwa heshima.

Mtume Paulo, katika sura ya tatu ya waraka kwa Waefeso, anaeleza kwamba uwezo wa Mungu umeshalipita ombi letu kabla hatujalitamka, na wazo lenyewe umeliacha nyuma. Sura hiyo hiyo inaanza kwa kutuambia kwamba yeye ni mfungwa. Mtu amefungwa na anasema maneno ya ukubwa huo. Sisi tuko huru, tumekunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, tunaomba panadol.

Wasiotoka kusini niwaeleze kangomba, maana bila hiyo hamtanielewa. Ni biashara ya msimu wa njaa. Januari hadi Machi vihenge vimebaki na vumbi, watoto wanadai sare na madaftari, ufuta ndiyo kwanza unachomoza. Anafika mtu na pikipiki. Mfukoni ana noti, usoni ana huruma. “Shikamoo mzee wangu. Hali naiona. Chukua hizi zikusogeze, ukivuna utanipa mzigo wangu.” Unapokea. Ukivuna, gunia ulilohangaika nalo tangu kung’oa visiki linaondoka kwa pesa uliyokwisha kuila mwezi wa pili, tena limepimwa kwa bakuli lake, na bakuli hilo halijawahi kukutana na mzani hata kwa bahati mbaya. Mchezo ulikolea kwenye korosho, ukahamia kwenye ufuta. Serikali imeupiga vita miaka na miaka. Mwaka 2018, Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi na kulituma jeshi kukusanya korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye mizigo mikubwa waliambiwa wakaonyeshe mashamba yao kabla ya kulipwa. Wengi ghafla wakasahau njia ya shambani.

Kinyume cha kangomba ni stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanzia kwenye korosho kule Mtwara mwaka 2007. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, unapimwa mbele ya macho yako, unapewa karatasi, unakwenda nyumbani kungoja mnada. Kungoja ndiko kunakoua watu. Karatasi hailiwi na dukani haipokelewi. Lakini mnada ukifika, huku kwetu chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, bei inatangazwa na wakulima wanaulizwa: tunauza au hatuuzi? Siku hizi wanunuzi wanashindana kwenye mtandao wa TMX, soko la bidhaa. Zamani zilikuwa barua ndani ya bahasha, zinafunguliwa moja moja hadharani, na mwenye sauti nyembamba ndiye aliyepewa kazi ya kuzisoma.

Sasa kiini cha malalamiko yangu ni hiki. Mzee wa kanisa yule yule, anayemwomba Mungu bei isishuke, nimemwona kwa macho yangu mnadani amepanda juu ya benchi. Bei imetajwa, nzuri tu, mimi nimeshaanza kuigawa kwa watoto kichwani. Yeye mishipa imemsimama. “Hatuuzi! Hatuuzi! Ongezeni!” Amekataa mamilioni ya watu wazima kwa sababu ya shilingi hamsini kwa kilo. Mkutano ukamshangilia, mnada ukaahirishwa, na wiki iliyofuata hamsini zikapatikana na nyingine juu yake. Jumamosi yake tukakutana kwenye jumuiya, akainamisha kichwa, akamwomba Mwenyezi amjalie mkewe nafuu kidogo ya mgongo.

Kidogo! Kwa mfanyabiashara unapanda benchi, kwa Mungu unaomba kidogo?

Ndiyo maana nasema sala zetu ni za kangomba. Baraka bado iko shambani, haijafunga hata vitumba, sisi tumeshaikatia bei ya kutupwa, kwa hofu ya kungoja mnada. Nilimwambia mzee hivyo. Akanijibu kwa upole wa kuudhi: “Mwalimu, ukiomba kidogo huaibiki.” Na kusema kweli namwelewa. Watu wa huku wameshaahidiwa barabara na kila aliyewahi kushika kipaza sauti. Ukiahidiwa lami tangu ujana, ukizeeka unajifunza kuombea greda lipite mara moja kwa mwaka, na likipita unapiga vigelegele. Mazoea hayo tunayabeba mpaka kwenye mkeka wa sala, tunamhesabu Mungu pamoja na wale wagombea.

Jirani yangu ni Mwislamu, mzee wa Kingindo, Waefeso hajawahi kuwasoma. Kila mwaka AMCOS wakianza kugawa magunia, yeye huwa wa kwanza kwenye foleni na huondoka na furushi linaloziba mlango. Msimu uliopita nilishindwa kuvumilia.

“Mzee mwenzangu, shamba lako ekari ngapi?”

“Si unalijua? Nne.”

“Na magunia yote hayo?”

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyejua kusoma. “Mwalimu, shamba mimi silihesabu. Shamba lina mwenyewe. Kazi yangu mimi ni magunia.”

Halafu akaniuliza nimechukua mangapi. Nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza habari za wajukuu.

Basi nilipofika nyumbani nikafungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, mahali pa yule mjane mwenye deni na chupa ya mafuta. Katekista wetu anaipenda sana habari hiyo, ila huwa anaishia kwenye muujiza, anasahau mwisho wake. Elisha alimwagiza mama huyo akaazime vyombo vitupu kwa majirani, na akamsisitizia visiwe vichache. Mama akafunga mlango, watoto wakawa wanamletea vyombo, yeye anamimina. Akaomba kingine, mtoto akasema hakuna. Hapo mafuta yakasimama. Mafuta hayakuwa na tatizo lolote. Vyombo ndivyo vilivyokwisha. Deni likalipwa, na familia ikapata cha kulia. Huwa najiuliza habari za yule mtoto aliyetumwa kuazima: ni nyumba ngapi aliziruka kwa sababu ana haya, au kwa sababu kulikuwa na mbwa.

Kwenye kitabu hicho hicho, mbele kidogo, kuna mfalme Yoashi. Nabii Elisha, mgonjwa kitandani, anamwambia apige mishale chini. Anapiga mara tatu, anaacha, anasimama kwa adabu. Nabii akakasirika, mgonjwa vile vile, akamwambia ilipasa apige mara tano au sita. Yoashi angekuwa mtu wa jumuiya yetu bila shaka yoyote. Tena angepiga mara moja, akasema angalau.

Tusijidanganye kwamba tatizo linaisha baraka ikifika. Petro, mvuvi mzoefu, aliyekesha bila kitu, alipopata samaki wa kuzamisha mashua mbili, aliangukia magoti ya Bwana akamsihi aondoke. Wavuvi wa Kivinje wanaielewa sura hiyo kuliko wahubiri: samaki wakizidi nyavu zinapasuka, barafu hakuna, na bei inaanguka kabla ya adhuhuri.

Lakini kipenzi changu ni Roda, yule binti wa kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 12. Petro yuko gerezani, waamini wamejifungia usiku wanamwombea. Malaika anamtoa, anafika mlangoni, anabisha. Roda anaijua sauti yake, kwa furaha anasahau hata kufungua, anakimbilia ndani kuwaambia. Waliokuwa wanaomba, na magoti bado yana vumbi la kuomba, wanamwambia ana wazimu. Jibu la sala linabisha hodi nje, wenye sala wanabishana na msichana! Ingekuwa Likawage tungesema amepandwa na malaria, tukamkimbiza zahanati, na huko angekuta panadol tu, kama tulivyoomba.

Hapa mpwa wangu wa Dar es Salaam angenikatiza. Alikuja kunisalimia akitembea na simu yenye mhubiri ndani. Mtandao kwetu una mahali pake, kwa hiyo alinipandisha juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mzee mzima, nishike simu juu. “Mjomba, sikiliza upako huu.” Mhubiri alikuwa amevaa suti inayong’aa. Anasema Mungu wake si wa vitu vidogo. Nikasema, haya, huyu wangu. Anasema jipanue, panua hema lako. Nikasema amina. Kisha akasema panda mbegu, akataja namba ya kutumia pesa kwa simu, na viwango vya mbegu vikapita chini ya kioo: mbegu hii kwa kazi, mbegu hii kwa nyumba, mbegu hii kubwa zaidi kwa gari. Akamalizia kwamba kabla ya mwezi kwisha mtu anayemsikiliza ataendesha gari la kifahari.

Nikamuuliza mpwa wangu, gari hilo litapita wapi? Ukiiacha lami ya barabara kuu, masika kwetu ni tope la kumeza trekta. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara kuu yenyewe pale Somanga, hata mabasi ya Lindi yalilala njiani. (Na hakuna mtu wa jumuiya yetu aliyekumbuka kwamba ndiye aliyeomba mvua ya kutosha.)

“Mjomba, wewe huna imani,” mpwa akasema.

Ninayo, na ndiyo inayonikasirisha. Mhubiri yule anajisifu kwa ukubwa lakini naye ni mnunuzi wa kangomba, tofauti yake bakuli limepakwa rangi ya dhahabu. Ameshapima. Ameshaamua baraka yako ni gari, ina magurudumu manne, na inafika kabla ya tarehe 30. Mzee wa kanisa anampunguzia Mungu kwa woga, huyu anampunguzia kwa tamaa, na wote wawili wameshajua kitakachokuja. Kitu usichokitazamia hakiwezi kuandikwa kwenye orodha ya bei.

Mkoa wetu wa Lindi ungetosha kuwa mahubiri, laiti mtu angetembea akitazama. Mjerumani mmoja, mhandisi Bernhard Sattler, alikwenda Tendaguru kutafuta vito. Akakuta mfupa mkubwa umetokeza njiani. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin, na mamia ya wachimbaji na wapagazi wetu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, wakatoa ardhini zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa kwa miguu hadi Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, kimo kinapita mita 13. Mtu alitaka kijiwe cha pete. (Kwamba mjusi yuko Berlin na sisi tuna shimo, hilo ni lalamiko jingine, na lina wabunge wake.) Songo Songo nako, mwaka 1974, Waitaliano wa Agip walitoboa wakitafuta mafuta, wakakuta gesi. Wakaona haina biashara, wakafunga mizigo. Ikakaa chini ikitungoja miaka 30. Tangu 2004 inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam na kuwasha taa za watu wanaotuuliza Kilwa iko wapi.

Lakini karibu zaidi ni mpingo, maana huo uko mlangoni petu. Utotoni mpingo ulikuwa adhabu. Ukitumwa kuni ukakutana nao, shoka linarudi na pengo. Ukiutumbukiza mtoni unazama. Kivuli hauna, tunda hauna, unakua polepole hadi unasahaulika: miaka 70, hata 100, ndipo upate gogo la maana. Wazee walitengeneza michi na bakora, Wamakonde wakachonga vinyago, wengine tukaupita. Kumbe kuna watu Ulaya wanaupuliza. Klarineti na obo zao, zile zumari nyeusi za kwenye okestra, zinatengenezwa kwa mti huu uliovunja shoka la marehemu baba yangu. Magogo yakawa yanaondoka kwa malori, na kijiji kinabaki na alama za matairi.

Nakumbuka vizuri wazee walichotaka wakati huo. Walitaka malori yasipite usiku, yanaamsha watoto. Basi. Hilo ndilo lilikuwa ombi lao lote mbele ya mamlaka za mbinguni na duniani.

Kilichokuja ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Wakaja watu wa shirika la kuhifadhi mpingo na vifaa vyao vya kupimia. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi, vijiji vya hapa hapa Kilwa, misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Likawage nasi tukatenga wa kwetu. Siku hizi mvunaji anakuja mchana, anapimiwa, analipa, anapewa risiti na mtu ninayemfahamu babu yake.

Na hapo ndipo kero mpya zilipoanza, wala sitazificha. Kijiji kilipokuwa hakina senti hakikuwahi kugombania matumizi. Pesa ya mti ilipoingia, mkutano mkuu ulianza asubuhi ukavunjwa na giza. Huyu anataka kisima, yule darasa, wengine wanataka posho ya kukaa mkutanoni kujadili kisima na darasa. Nilisimama nikasema jamani, haya ndiyo majibu ya sala. Mtu nyuma akasema, “Mwalimu, nani aliyeomba ugomvi?” Hakuna aliyeomba. Umekuja ndani ya gunia lile lile. Ndivyo hata kwa mkulima mmoja mmoja: mwaka ambao bei ya ufuta imekubali, ndugu uliodhani wamehamia Msumbiji wanabisha hodi, ngoma za unyago na jando zinapangwa mfululizo hadi Septemba, mbuzi anapanda bei kuliko ufuta wenyewe, na shemeji ana wazo la bodaboda.

Nilikuwa nayaeleza haya yote Jumamosi moja, nimeshika kasi, nimefika kwa Yoashi na mishale yake, ndipo bibi mmoja wa jumuiya, mtu asiyezungumza sana, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, wewe unasema sana magunia. Yule askofu aliyeuawa njiani kwenda Liwale, gunia lake liko wapi?”

Kimya. Anasema juu ya Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyepita nchi hii mwaka 1905 akitoka Kilwa kwenda Peramiho, misheni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1898. Alikuwa na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wapiganaji wa Maji Maji wakawaua wote watano. Na waliowaua hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi na pamba ya kulazimishwa, wakaamini maji ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe yatageuza risasi za Wajerumani. Nao walikuwa na ombi lao kubwa. Hayakugeuza. Vita ikafuatwa na njaa, na njaa ikaua kuliko risasi, nchi ya Wangindo ikabaki pori. Babu wa jirani yangu, yule wa magunia, alinusurika kwa mizizi ya porini.

Kwa hiyo bibi alikuwa amenishika mahali pabaya, na alijua. Nikaanza kutapatapa: kwamba Peramiho ilichomwa mwaka ule ule ikajengwa upya, ikawa abasia mwaka 1931, na nchi ile leo ni Jimbo Kuu la Songea; kwamba misheni za Lukuledi na Nyangao nazo zilichomwa, na mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini wakaanza Ndanda, na hospitali yake…

“Wewe ulizaliwa wapi?” akanikata.

“Ndanda. Hospitali ya misheni.”

“Basi. Yeye aliomba, ukazaliwa wewe.”

Watu wakacheka, wengine wakanitazama kwa namna ya kupima kama zawadi hiyo ilistahili maisha ya wote watano. Katekista akaona upenyo, akaanzisha wimbo, na mimi nikabaki na mishale yangu. Njiani kurudi mke wangu akaniambia ndiyo mara ya kwanza ameniona nimekosa neno, na kwamba alikuwa ameliombea hilo muda mrefu. Akaongeza kuwa alikuwa ameomba dakika tano tu. Zilizokuja zilikuwa zaidi.

Sikuwa na la kumjibu bibi, na sitalitafuta. Ila namshukuru kwa kunizuia kuwa yule mhubiri wa kichuguuni. Kumbe hata mimi mnada wangu nilikuwa nataka ufanyike mbele yangu, bei itajwe nikiwepo, nilipwe mimi. Ufuta hulipa kwa namna hiyo. Mpingo haujawahi; anayeupanda leo hatauvuna, atauvuna mtu ambaye wazazi wake hawajakutana. Na bado lazima mtu aende kwenye kitalu.

Ugomvi wangu na sala za jumuiya uko pale pale, sijaupunguza hata debe. Jumamosi ijayo zamu ya kukaribisha ni kwangu, na nimeshatangaza sharti: “angalau” inaachwa nje pamoja na ndala. Mama mwenye kuombea zahanati ataombea daktari, maabara, gari la wagonjwa na barabara ya kulipitisha. Kijana wa kwaya ataombea kinanda kizima, pande zote mbili. Mzee wa kanisa nimemwandalia benchi, apande kabisa kama anavyofanya mnadani, amwombee mkewe mgongo ulionyooka. Asipotaka kupanda, nitapanda mimi.

Na wewe msomaji, kama uko ndani ya eneo la AMCOS yetu, magunia ya msimu yameanza kugawiwa. Foleni inaanza alfajiri, jirani yangu yuko mbele. Chukua kadi yako ya uanachama, na usirudi na mawili.